Mkoba wa vipande vya sare, baada ya miezi mitano begani

Chini ya kitanda changu palikuwa na kiroba cha sandarusi, kile cha mchele wa kilo 25, kimejaa vipande vya vitambaa hadi mdomo haufungi. Mwenye ukoo mkubwa hapa Dar hahitaji kuelezwa vilitoka wapi. Kicheni pati ina sare yake, sendofu ina yake, harusi ina yake, na siku hizi hata arobaini ina sare. Kamati inatangaza kitenge, unanunua upende usipende rangi, unapeleka kwa fundi, na fundi akiwa mwaminifu anakurudishia mabaki. Unayakunja vizuri, unasema yatafaa. Yangu yalikuwa yanasubiri kufaa tangu 2016.

Nilishajaribu mara moja kuyatengenezea mkoba, kwa fundi mwingine ambaye simtaji. Alichukua vipande vyote kama vilivyo, akaviunga kwa siku moja, akanipa kitu kizuri mno kwa macho. Siku ya tatu nilikuwa nashuka ngazi za daraja la waenda kwa miguu pale Manzese, na maembe dodo sita, sukari kilo mbili na mafuta ya kula. Mpini mmoja ukang'oka. Haukukatika, uling'oka na kipande cha kitenge chake, kama jino na ufizi. Maembe yakatangulia chini. Kijana mmoja, nadhani nilimfundisha zamani, aliniokotea manne, akaniamkia kwa heshima zote, "Shikamoo madamu," huku la tano akiwa ameshalimenya kwa meno. Nyumbani nilipoukagua nikakuta mpini ulikuwa umeshonwa kwenye ukingo wa kitambaa kimoja tu, mstari mmoja wa uzi, basi.

Kwa hiyo fundi wa pili nilimwendea na mashaka, na ndiye ninayetaka kumweleza hapa. Yuko Manzese, mtaa wa ndani upande wa Tip Top, kibaraza cha bati katikati ya genge la mbogamboga na kijana wa kutengeneza simu. Ni mzee wa miaka sitini na kitu. Ana vyerehani viwili: Singer nyeusi ya miguu ambayo maandishi yake ya dhahabu yamebaki herufi mbili, na Butterfly aliyoifunga mota. Hana bango. Ukiuliza fundi wa mikoba utaelekezwa kwa mtu mwingine, kwa sababu yeye kazi yake hasa ni suruali za shule na kupunguza mitumba.

Nilimwamkia, nikamimina kiroba chote juu ya mkeka wake. Hakuuliza nataka mkoba wa namna gani. Alichuchumaa, akaanza kupanga mafungu matatu bila kusema neno, kama mtu anayechambua mchele. Fungu la kwanza lilikuwa vitenge, poplini na kipande cha kaki. La pili lilikuwa khanga. La tatu, ambalo lilikuwa kubwa kuliko yote, lilikuwa satini, shifoni, lesi, krepu na yale magauni ya kuvutika. Fungu hilo la tatu akalirudisha kirobani.

"Haya, mwalimu, kajazie mito."

Nikabisha. Kulikuwa na satini ya zambarau ya sendofu ya mdogo wangu, na kwa hakika ndiyo iliyonifanya nitake mkoba. Mzee hakubishana. Alikata kipande cha ile satini na kipande cha kitenge, akaviweka uso kwa uso, akapiga mshono mmoja kwenye Singer, kisha akanipa nivute pande zote mbili. Nikavuta. Kitenge kilitulia. Satini ilianza kuchanua pembeni ya mshono, nyuzi zake zikajitenga moja moja hadi nikauona mwanga katikati. "Umeona? Mmoja amekaa, mwenzake amekimbia." Mimi nafundisha Hisabati Kidato cha Pili, napenda mtu anayethibitisha kabla ya kudai. Satini ikarudi kirobani.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yake. Yule wa kwanza alikuwa hodari wa kushona, ila hakujua kukataa. Huyu alikataa zaidi ya nusu ya mzigo wangu, na kwenye fungu alilolikubali akaendelea kukataa. Mabaki ya gauni mengi hutoka kwenye mapengo ya mikono na shingo, kwa hiyo yana umbo la mundu au pembetatu. Ukiyakata mraba popote pale unapata vipande vilivyokwenda mshazari, na kitambaa cha mshazari huvutika kama mpira. Mkoba wa vipande hivyo ukibeba mzigo huteremka upande mmoja. Yeye alikuwa na kipande cha katoni cha inchi tano kwa tano, analaza katoni kwa kufuata uzi wa kitambaa, anachora kwa chaki, na kama mraba haukutosha kwa kufuata uzi, kipande kinatupwa hata kama kimepungua robo inchi tu. Kutoka kiroba kizima tulipata miraba 31.

Kisha akanirudisha nyumbani. Sikutegemea. Alisema nikaifue yote kwa sabuni, nianike, nipige pasi, ndipo nilete. Kitenge kipya kina wanga, kinasimama kama kanzu ya Idi, lakini wanga ukitoka ndipo unajua ni kizito au ni gazeti. Tena pamba hurudi ikifuliwa, na kama kipande kimoja kitarudi baada ya kuungwa na jirani ambaye hatarudi, mkoba unakunjamana. Kimoja chekundu alinionyesha jinsi ya kukipima: unalowanisha kitambaa cheupe, unasugua, ukiona waridi unakiacha. Nikakiona waridi. Nikakiacha.

Miraba iliyopita mtihani wote ilikuwa 24, kumi na miwili mbele na kumi na miwili nyuma, minne kwa mitatu. Kila mraba wa inchi tano unapoteza nusu inchi kila upande kwenye mshono, unabaki inchi nne. Minne mara inchi nne ni 16, huo ndio upana. Mitatu ni 12, na chini yake akaweka ukanda wa jinzi uliopita chini kutoka mbele hadi nyuma bila kiungo katikati ya kitako. Kitako chenyewe kina inchi nne, kwa hiyo daftari la kaunta linasimama wima bila kujipinda. Kimo cha mwisho ni karibu inchi 15. Nilipima mwenyewe kwa futi kamba yake, mazoea ya kazi.

Uungaji aliufanya kijana wake, kwa mistari. Kwanza miraba minne minne, kila mshono unapigwa pasi ya mkaa, mstari mmoja mishono inalazwa kulia, mstari unaofuata inalazwa kushoto. Ukikutanisha mistari hiyo mishono inaingiana kama vidole, na pembe nne zinakutana mahali pamoja bila kufanya kinundu. Kwenye vitenge alitumia sindano namba 16, alipofika kwenye jinzi mzee akamwambia aweke namba 18. Nilimwona akijaribu kuendelea na ile ile. Ikakatika. Mzee hakugombeza, alinyoosha tu mkono na sindano nyingine kama alikuwa ameishikilia muda wote.

Ndani kuna tabaka mbili zaidi. Katikati aliweka marekani, ile pamba ngumu isiyotiwa rangi ambayo bibi zetu walivaa zamani, nusu yadi tu. Bitana ni shuka langu la zamani. Na mfuko mdogo wa ndani ulitokana na fungu la khanga, kwa sababu khanga ni nyepesi kubeba mzigo lakini kwa kushika funguo haina tabu. Kipande hicho kilikuwa na jina, yale maandishi ya chini ya mji wa khanga. Khanga nzima ilisema NJIA YA MWONGO NI FUPI. Mkasi ulipita mahali pabaya, ukaacha MWONGO NI FUPI. Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, ambaye si mrefu, kila nikifungua mkoba ofisini anasema hapo kuna kosa la upatanisho wa kisarufi.

Mipini ndiyo niliyoisimamia kwa macho makavu. Imetoka kwenye suruali ya kaki ya shule ya mwanangu iliyomshinda miguu. Kaki imekunjwa mara nne, ikapigwa mistari minne ya uzi toka mwanzo hadi mwisho. Haikuishia kwenye ukingo wa mkoba. Inashuka inchi sita kwenye ubavu, imeshikwa na tabaka zote tatu, na mwisho wake kuna mraba wa uzi wenye alama ya kuzidisha ndani yake. Nilipomsimulia habari ya maembe alicheka, akasema mpini haushonwi kwenye mdomo, unashonwa kwenye mwili.

Sasa ubaya wake, maana upo.

Aliniambia Ijumaa. Mafundi na Ijumaa zao mnawajua. Ijumaa alikuwa amebakiza bitana. Jumatatu umeme ulikatika, ingawa Singer haina habari na umeme, na nilimwambia hivyo. Jumatano kijana alikuwa anaumwa malaria. Jumamosi kulikuwa na sare za harusi ya watu 30 zimepangwa hadi barazani kwa jirani wa simu, na mkoba wangu ulikuwa chini yake, nimeuona mpini tu. Nilichukua mzigo wangu siku 11 baada ya ahadi. Mara zote nne alinikaribisha kiti na kuniuliza hali ya nyumbani, kwa hiyo hasira ilikuwa inaishia njiani.

Jinzi, ambayo hakunitoza hata shilingi, ndiyo iliyoniharibia sketi. Mimi nilifua vitambaa vyangu vyote kama alivyoagiza, yeye ile jinzi yake ya mtumba hakuifua. Wiki ya kwanza nilisimama ndani ya mwendokasi toka Tip Top hadi mjini, mkoba umeminywa kwenye paja langu na watu wa Kimara, na niliposhuka sketi yangu ya krimu ilikuwa na mawingu ya buluu. Nimeloweka, nimesugua, mawingu yamefifia lakini yapo. Nilipomwonyesha aliona aibu kweli, akasema angefua. Mraba mmoja wa mbele, wa safu ya pili, pembe zake hazikukutana, zimepishana robo inchi. Yeye anajua, mimi najua, na sasa nanyi mnajua. Mfuko wa khanga ni mfupi kwa simu za sasa, simu inachungulia nje. Halafu hakuna zipu. Kuna kitanzi na kifungo, na katika basi la saa kumi na mbili asubuhi kitanzi na kifungo ni salamu tu kwa mwizi. Alisema zipu ni shilingi 2,000 zaidi, nikajifanya mbanifu. Kosa langu.

Na maji. Wakati wa masika mabasi yaligeuzia Magomeni Mapipa kwa sababu Jangwani ilikuwa imejaa maji, nikatembea kwenye mvua kutafuta usafiri mwingine na madaftari ya Kidato cha Pili B. Tabaka tatu za pamba hunywa maji kama ngamia. Mkoba ulikuwa mzito kuliko madaftari, madaftari ya pembeni yalilowa, na ulichukua siku mbili na nusu kukauka, tena ukitoa harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Tangu hapo wakati wa mvua naweka karatasi ya nailoni niliyokata kwenye kifuniko cha meza. Mwenye kutaka mkoba wa mvua atafute turubai.

Lakini mzigo unabeba. Madaftari 52 niliyapeleka kwa Mangi wa dukani kwetu, akayaweka kwenye mzani wake wa mchele: kilo saba na nusu. Nayabeba hivyo mara mbili kwa wiki. Jumamosi unakwenda sokoni Mabibo, ndizi na viazi. Baada ya miezi mitano nimekagua mipini kwa kidole, alama ya kuzidisha moja baada ya nyingine, hakuna uzi uliolegea. Umbo halijateremka upande. Vitenge vimepauka kidogo kwa jua, kasoro mmoja: mraba wa kitenge cha marehemu mama, cha kiwanda cha Urafiki, hapa hapa jirani yetu, kile kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi 1968. Kipande hicho kina umri zaidi ya baadhi ya walimu wenzangu, na mzee alipokishika tu alikisugua kwa kidole gumba muda mrefu, kisha akakiweka katikati ya safu ya mbele bila kuniuliza.

Watu wanausoma mkoba huu kama albamu. Kwenye foleni ya benki dada mmoja alinyoosha kidole, "Hiki si kitenge cha harusi ya pale Mburahati?" Ndicho. Ndoa ile imeshavunjika, kitenge bado kinadumu. Shangazi yangu yeye alitafuta sare ya sendofu ya binti yake, hakuiona, akanuna. Nilimweleza habari za satini na mshono uliokimbia. Hakuridhika, na nadhani mpaka leo anaamini niliiacha kwa makusudi.

Gharama ni hii: ushonaji shilingi 12,000, marekani na uzi 2,500, jumla 14,500. Vipande ni vyangu. Mtu atasema ghali kwa kitu cha mabaki, na ofisini walisema. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, ile tuliyozoea kuiita rambo, nimekuwa mtu wa kusahau mfuko nyumbani na kununua mwingine sokoni. Kwa wastani nilikuwa nanunua miwili kwa wiki, ya 500, na mingi haikumaliza mwezi kabla ya kuchanika kwapani. Elfu moja kwa wiki. Wiki ya kumi na tano mkoba ulikuwa umeshalipa deni lake, na sasa niko wiki ya ishirini na moja. Usahaulifu wenyewe umepona, kwa sababu mkoba huu ukiuacha nyumbani unausikia begani kwamba haupo.

Ila ukitaka kwenda kwake, mambo machache. Usibebe samaki wa Feri ndani ya mkoba wa namna hii, hata waliofungwa kwenye gazeti, pamba haisamehi shombo. Chukua ndoo. Fua na pasi kabisa kabla ya kumpelekea vitambaa, na mwambie afue na jinzi yake. Lipia zipu. Mpe kipimo cha simu yako kwa mfuko wa ndani. Na usiende kama una kipande ambacho moyo wako hautakubali kikataliwe, maana atakikataa mbele ya watu, na atakuonyesha kwa nini.

Ningekuwa nasahihisha, ningempa 78. Kwa viwango vya NECTA, Baraza la Mitihani, hiyo ni A, ya chini lakini ni A. Alama 11 nimezitoa kwa zile siku 11, moja kwa kila siku, nane kwa sketi, na tatu kwa ule mraba uliopishana. Mfuko wa khanga sikuukata alama, unatuchekesha mno.

Wiki iliyopita nimempelekea kazi ya pili, mkoba wa mdogo wangu, yule wa satini ya zambarau. Alipoona nimeileta tena ile satini alinitazama tu. Nikamwambia si ya kubeba mzigo, nataka aitumie kwa kitanzi cha kifungo. Akaigeuza geuza, akaipindisha mara tatu, akaivuta, akaipindisha tena, akaguna. Hiyo ndiyo ndiyo yake. Zipu nimelipia mapema. Ameniambia nifuate Ijumaa, kwa hiyo nitakwenda Jumanne ya wiki itakayofuata.